Mwani mdogo unaostahimili joto kwa ajili ya biodizeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja tena na tena kutoka kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, wafugaji wa samaki wenye mabwawa yaliyokolea ukijani, na watu waliosikia kwamba mwani utamaliza shida ya dizeli. Yanaanzia kwenye msingi. Aliyekwisha kushika pipeti anaweza kuruka hadi sehemu ya vipimo.

## Mambo ya msingi

Ni mwani huu huu unaolimwa Paje na Jambiani?

Hapana. Mwani wa Zanzibar, unaofungwa kwenye kamba tangu 1989, ni mkubwa, unashikika mkononi, na huuzwa kwa ajili ya karajinani, ute unaotumika kugandishia vyakula, dawa za meno na vipodozi. Mafuta yake ni haba mno. Tunaouzungumzia hapa ni mwani mdogo: viumbe vya seli moja, vingi vikiwa na upana wa elfu chache tu za milimita, ambavyo jicho huvitambua pale tu vinapojazana na kuyageuza maji kuwa ya kijani.

Jambo moja tu wanashirikiana, nalo ni joto. Wakulima wa Unguja wanajua vizuri jinsi cottonii, aina yenye bei nzuri, inavyolainika na kukatika maji ya kina kifupi yanapopata moto, hata wengi wakabaki na spinosum ya bei ya chini. Mwani mdogo nao una aina zinazokufa kwenye nyuzi 33 na aina zinazonawiri kwenye nyuzi 40.

Kiumbe cha seli moja kinapata wapi mafuta?

Kinayatengeneza chenyewe kwa usanisinuru: mwanga, maji, hewa ya ukaa na mbolea kidogo. Mafuta mengine ni ya kujengea ngozi ya seli, na hayo kila kiumbe anayo. Tunayoyataka ni mafuta ya akiba, ya jamii moja na ya alizeti au mawese, ambayo seli huyakusanya katika matone inapoona maisha yamekuwa magumu, hasa nitrojeni inapoisha majini. Wakati wa neema, aina nyingi za kijani huwa na mafuta robo ya uzito mkavu au chini ya hapo. Wakati wa njaa kiwango hupanda, lakini kwa gharama: tazama swali la mafuta asilimia 50.

Kwa nini kusisitiza joto? Kinachotakiwa si mafuta?

Kwa sababu maji yenye mwani hukaa juani mchana kutwa, na mwani ukifa kwa joto hakuna mafuta ya kuhesabu. Mabomba ya kioo au plastiki yaliyofungwa, yakiachwa kwenye jua la Dodoma au Garissa bila kupozwa, maji ya ndani hupita nyuzi 40 kwa urahisi, maana joto linaloingia halina pa kutokea. Kuyapoza kunataka maji ya kunyunyizia au umeme, na umeme huo unakula nishati ile ile uliyotarajia kuipata kwenye mafuta.

Kwa hiyo ustahimilivu wa joto unakuokolea gharama ya kupoza, basi. Hauongezi mafuta. Hili linasahaulika mno: watu hutafuta kiumbe kinachostahimili joto kali kuliko vyote, wakati shamba linahitaji kinachokua haraka kwenye joto la kawaida la bwawa la nchi za joto, na kinachobaki hai siku bwawa linapopitiliza.

"Joto" hapa ni nyuzi ngapi?

Joto la maji, si la hewa. Aina nyingi zilizozoeleka maabara hupenda nyuzi 20 hadi 28. Aina inayokua vizuri kwenye 35 hadi 40 na kuvumilia saa chache za 42 hadi 45 inatosha kabisa kwa bwawa la Pwani ya Afrika Mashariki au la Ghuba. Ikitaka zaidi ya hapo ili ikue, itakusumbua asubuhi maji yanaposoma 24.

## Kutafuta na kukusanya

Basi niende kwenye chemchemi za maji moto, Bogoria au Magadi?

Ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na kwa anayetafuta mafuta mara nyingi ni safari ya bure. Mwani wenye kiini cha seli, ambao ndio huweka mafuta ya aina tunayoitaka, hufika ukomo kwenye nyuzi 56 hivi, na hata hapo ni ukoo mmoja tu wa maji ya asidi kali, Galdieria na ndugu zake Cyanidium. Kupanda juu ya hapo hadi nyuzi 73, usanisinuru hufanywa na sayanobakteria, yaani bakteria wasio na kiini cha seli, peke yao. Yale mazulia ya kijani na rangi ya chungwa kwenye mikondo ya chemchemi kali ni yao, nao akiba yao kuu ni glaikojeni, yaani jamii ya wanga. Utarudi nyumbani na kiumbe wa ajabu asiye na tone la kutia kwenye injini.

Tena maji ya Bogoria, Magadi na Natron ni ya magadi, pH yake ni 9 na zaidi. Kiumbe aliyezoea hapo ukimtia kwenye maji ya kisima hatamani kuishi. Ila maji ya magadi yana sifa yake: wavamizi wengi hawayawezi, na anayepanga kulima kwenye maji ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kuanzia huko.

Ukienda hata hivyo, usichote penye mvuke. Fuata mkondo unavyopoa, kipimajoto mkononi, uchote panaposoma 46, 42, 38. Mwani wa kijani huanzia huko chini. Na majina yasikupoteze: Kikuletwa, ambako watu hupaita Chemka, karibu na Boma Ng'ombe, maji yake ni ya kuogelea tu.

Kama si chemchemi, nitafute wapi?

Penye maji ya kina kifupi yanayochemshwa na jua mchana na kupoa usiku. Vidimbwi vya miambani. Mabwawa ya chumvi ya Bagamoyo au Gongoni kule Malindi. Mabirika ya kunyweshea mifugo kwenye nchi kavu. Tangi la plastiki lisilo na mfuniko juu ya paa. Mabwawa ya majitaka, ambako kuna nitrojeni ya kumwaga na kila kiumbe anayekua polepole ameshafukuzwa na wenzake.

Mfano maarufu kuliko yote haukutoka kwenye volkano. Chlorella sorokiniana ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwenye kijito kinachopita mjini Austin, Texas. Mwaka 1953 Constantine Sorokin na Jack Myers walitangaza kwamba inakua vizuri zaidi kwenye nyuzi 39, ikijizidisha maradufu takriban mara 9 kwa siku ikipewa mwanga wa kutosha, wakati Chlorella iliyokuwa ikitumika maabara nyingi ilipenda nyuzi 25. Hadi leo ndiyo kipimo ambacho wengine hulinganishwa nacho.

Nahitaji kibali kuchota maji ya ziwa?

Ndiyo, na usilichukulie kama urasimu wa kukuchelewesha tu. Kenya kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kupata rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za mwaka 2006, na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, au ya kaunti ikiwa ni hifadhi. Tanzania unaanzia kwenye tume ya sayansi, COSTECH, Uganda kwenye baraza la sayansi, UNCST. Sampuli ikivuka mpaka, Itifaki ya Nagoya, inayotumika tangu 2014, inataka makubaliano ya maandishi kuhusu mgao wa faida.

Historia inaeleza kwa nini. Vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Kenya viliwahi kuzaa vimeng'enya vya viwandani vya kuchakaza nguo za jinzi, na mwaka 2004 KWS ilijitokeza hadharani kudai mgao. Bogoria pia ni ardhi ya Waendorois, ambao mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulithibitishwa kwa upande wao. Ongea na wenyeji kabla ya kufungua chupa.

Sampuli inachukuliwaje?

Chupa safi ya mililita 50 au 100, ijazwe nusu ili hewa ibaki. Andika papo hapo: joto la maji, pH, chumvi, saa na mahali. Joto la saa 8 mchana na la alfajiri yote mawili yana maana, na kama unaweza kulala karibu, pima yote. Kwangua na ute ulioshika kwenye mawe. Wengi huchota maji tu na kuacha nusu ya viumbe nyuma. Funga chupa kwa kitambaa chenye unyevu, iwe kivulini. Usiiweke kwenye barafu: kiumbe aliyezoea nyuzi 38 anaweza kufa kwa kisanduku cha barafu kabla hujafika lami.

Nikifika maabara nianze na nini?

Anza na joto. Gawa sampuli, utie chakula cha BG-11 kwa maji baridi yasiyo na chumvi au f/2 kwa maji ya bahari, kisha weka chupa moja kwenye nyuzi 40 na nyingine kwenye 30 chini ya mwanga. Baada ya wiki moja au mbili chupa ya nyuzi 40 itakuwa imechuja yenyewe. Ukitenga kwanza na kupima joto baadaye utafanya kazi mara ishirini kwa viumbe ambao hawakufai.

Kisha chora mistari ya sampuli juu ya sahani za aga. Vitone vya kijani vikitokea, chagua kimoja kilicho peke yake, kihamishie sahani mpya, urudie mpaka hadubini ionyeshe umbo moja tu. Hapo ndipo subira huisha: bakteria hujificha kwenye ute wa seli, na kitone kinachoonekana safi kwa macho huwa na wapangaji. Antibayotiki husaidia, kurudia kuchora mistari husaidia zaidi. Jina la uhakika hutolewa na vinasaba, kwa kawaida jeni ya 18S na eneo la ITS, kwa sababu vijiduara vya kijani vinafanana kuliko unavyodhani.

Si bora ninunue mbegu iliyokwisha kuthibitishwa?

Kwa kujifunza, ndiyo. UTEX, benki ya mwani ya Austin, inauza ile ile ya Sorokin kwa namba 1230, na CCAP ya Uskoti na SAG ya Göttingen, Ujerumani, zina hazina kubwa. Uliza pia karibu: Chuo Kikuu cha Qatar kina benki yake ya mwani na sayanobakteria wa jangwani, waliochaguliwa kwa ajili ya joto na chumvi. Ila mbegu ya benki imelelewa kwa starehe miaka mingi, na bwawani hukutana na wenyeji wenye njaa. Mara nyingi mwenyeji ndiye hushinda, kwa hiyo ukitaka kulima nje, mtafute mwenyeji.

## Vipimo vya joto na mafuta

Nitajuaje kwamba inastahimili joto kweli?

Tofautisha kuishi na kukua. Kukaa nyuzi 45 kwa saa moja bila kufa ni kuishi. Kukua ni kuongezeka kila siku katika joto hilo, na hilo ndilo linalozaa mafuta.

Panga chupa kwenye nyuzi 25, 30, 35, 40 na 45, mwanga ule ule, tatu kwa kila joto. Pima ukungu wa maji kila siku kwenye mawimbi ya nanomita 750. Wengi hutumia 680, ambako klorofili hunyonya mwanga, kisha seli zikianza kupauka kwa joto au njaa wanadhani zimepungua kumbe zipo. Thibitisha kwa uzito mkavu. Kasi ya ukuaji ni logi asilia ya uwiano wa vipimo viwili, gawanya kwa siku zilizopita kati yake.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo ripoti nyingi huliruka: zungusha joto, 24 usiku, 41 saa nane mchana, kwa wiki mbili mfululizo. Aina inayoanguka huonyesha dalili kabla ya namba kusema. Kijani kibichi hugeuka cha zeituni, povu linakaa juu bila kupasuka, na ukitikisa chupa kuna mashapo yanayopanda kama wingu na kushuka tena upesi, kwa sababu seli zimeanza kushikana. Siku inayofuata inanuka.

Ni nini hasa kinachoharibika kwenye joto?

Kwanza ni mtambo wa kupasua maji ndani ya kiwiti, ule unaoitwa fotosistimu ya pili. Ngozi za seli nazo hulegea na kuvuja. Kisha uwezo wa hewa ya ukaa kuyeyuka hupungua kwenye maji moto: lita moja ya maji ya nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 1.45 za gesi hiyo ikiwa tupu, na kwenye nyuzi 40 hushuka hadi karibu gramu 0.97. Ndiyo maana aina nzuri huonekana mbaya kwenye joto kumbe ina njaa ya ukaa. Ongeza kububujisha kabla ya kuihukumu.

Nitajuaje ina mafuta?

Njia ya haraka ni rangi ya Nile Red. Weka tone kwenye sampuli, subiri dakika chache gizani, tazama kwenye hadubini yenye mwanga wa bluu. Klorofili hung'aa nyekundu, na matone ya mafuta hung'aa njano ya dhahabu ndani yake. Seli yenye njaa ya nitrojeni huwa na matone mawili matatu makubwa yanayosukuma kila kitu pembeni. Iliyoshiba huwa na nukta hafifu tu. Seli zenye ukuta mgumu kama Chlorella huikataa rangi mpaka uongeze kidogo DMSO, kimiminika kinachoisaidia kupenya, na hapo ndipo watu huandika kimakosa kwamba aina yao haina mafuta.

Nile Red inakuambia yapo. Kiasi chake hupatikana kwa kuyakamua kwa klorofomu na methanoli, njia ya Bligh na Dyer ya 1959, na kupima uzito, kisha gesi kromatografia kujua ni asidi gani za mafuta. Uzito peke yake hujidai: klorofili na mafuta ya ngozi za seli huingia humo humo.

Nimepata aina yenye mafuta asilimia 50. Nimefika?

Uliza kwanza imechukua siku ngapi. Njaa ya nitrojeni inayopandisha mafuta ndiyo inayosimamisha ukuaji. Kinacholisha injini ni zao la siku: gramu za mwani kwa siku mara sehemu ya mafuta. Aina ya asilimia 50 inayotoa gramu 4 kwa mita ya mraba kwa siku inakupa gramu 2 za mafuta. Ya asilimia 22 inayotoa gramu 18 inakupa karibu gramu 4. Ripoti inayotaja asilimia bila kutaja kasi, iweke pembeni.

Joto linabadilisha ubora wa biodizeli?

Linabadilisha, na mara nyingi kwa faida yetu. Kwenye joto seli hupunguza mafuta yasiyoshiba ili ngozi zake zisilegee mno. Mafuta yaliyoshiba zaidi huwaka vizuri kwenye injini na hayachachi upesi ghalani. Kiwango cha Ulaya, EN 14214, kinataka namba ya seteni (wepesi wa kuwaka) isipungue 51, namba ya ayodini (kipimo cha kutoshiba) isizidi 120 na asidi ya linoleniki, mojawapo ya mafuta yasiyoshiba, isizidi asilimia 12, na mwani wa sehemu za baridi hukwama hasa kwenye hayo mawili ya mwisho.

Ubaya wake ni kuganda kwenye baridi. Kwa Mombasa hilo si tatizo, kwa lori linalopanda Njombe mwezi wa Julai linaweza kuwa, na kwa Ulaya ni tatizo hasa.

## Aina zinazoulizwa sana

Spirulina inapenda joto na tayari inalimwa. Kwa nini isitumike?

Inapenda nyuzi 35 hadi 37, inakubali magadi, na inavunwa kwa kitambaa. Lakini ni protini zaidi ya nusu na mafuta chini ya sehemu ya kumi. Kuigeuza dizeli ni kuchoma chakula cha bei.

Na Galdieria, Botryococcus, Nannochloropsis?

Galdieria: jibu liko kwenye swali la chemchemi, ila ongeza kwamba inaweza kukua gizani kwa sukari, kwa hiyo ina watafiti wake kwa shughuli nyingine. Botryococcus hutoa hidrokaboni kwa wingi, lakini hukua polepole mno, na hidrokaboni hizo hazigeuzwi kuwa biodizeli kwa methanoli kama mafuta ya kawaida. Zinahitaji kuvunjwa kama mafuta ghafi kiwandani. Nannochloropsis ni kipenzi cha vitabu, mafuta mengi na hukubali maji ya bahari, ila juu ya nyuzi 33 hivi huanza kuteseka.

Kwa maji ya chumvi na joto pamoja, jina la kufuatilia ni Picochlorum: kadogo, kanakua haraka kwenye nyuzi za juu ya 35, na kanavumilia chumvi inayopanda bwawa likikauka. Kwa maji baridi, ukiacha Chlorella sorokiniana, jamii za Desmodesmus na Scenedesmus za mabwawa ya tropiki hazijatafutwa vya kutosha, na hapo ndipo ningeweka fedha ya mwanafunzi wangu.

Ule ukijani wa Ziwa Victoria, pale Kisumu au Mwanza, tukauvune?

Acha. Sehemu kubwa ni sayanobakteria, na Microcystis miongoni mwao hutoa sumu inayoshambulia ini. Mafuta yake ni madogo, na unayempa kazi ya kuuchota unamweka hatarini. Ni tatizo la mbolea na majitaka yanayoingia ziwani, litatuliwe huko.

## Kulima na hesabu

Hekta moja inatoa lita ngapi?

Hesabu mwenyewe. Bwawa linaloendeshwa vizuri likitoa gramu 20 kwa mita ya mraba kwa siku, na robo ikawa mafuta, ni gramu 5, sawa na kilo 50 kwa hekta kwa siku, tani 18 hivi kwa mwaka, takriban lita 20,000. Ukishuka kwenye hali halisi ya wanaoanza, gramu 10 na mafuta asilimia 20, ni lita 8,000. Mawese mazuri hutoa tani 4 hivi kwa hekta. Mwani bado uko mbele, lakini zile lita 100,000 na zaidi zinazosambazwa mtandaoni zinataka mwani unaonasa sehemu ya jua ambayo hakuna bwawa la nje limewahi kuinasa mwaka mzima.

Kisha toa gharama. Tani moja ya mwani hutaka tani 1.8 hivi za hewa ya ukaa na kilo 50 au zaidi za nitrojeni, yaani zaidi ya mifuko miwili ya yurea. Na kwa kuwa lita ya maji ya bwawa hubeba nusu gramu tu, kilo moja kavu ni maji lita 2,000 ya kuchuja. Kuvuna, wala si kukuza, ndiko kunakovunja miradi.

Bwawa la wazi au mabomba?

Kwenye joto bwawa la wazi lina kiyoyozi cha bure: mvuke. Ila kiyoyozi hicho kinakunywa. Milimita 6 kwa siku, jambo la kawaida kwenye nchi kavu, ni lita 60,000 kwa hekta kila siku, na chumvi inabaki nyuma ikikolea. Mabomba hayapotezi maji lakini yanapika. Ndiyo maana aina inayostahimili joto pamoja na chumvi ina thamani kuliko inayostahimili kimoja. Kama huna maji ya bahari, ya chumvi au majitaka, na unategemea kisima wanachonywa watu, usianze.

Naweza kutengeneza nyumbani?

Kukuza, ndiyo, ndoo na pampu ya hewa ya tangi la samaki vinatosha. Kugeuza mafuta kuwa dizeli, sishauri. Methanoli inayotumika hupofusha na huua, hupita kwenye ngozi, na moto wake mchana hauonekani. Mafuta ya mwani pia yana asidi huru nyingi. Ukitia kostiki soda moja kwa moja, na maji yakiwa hayajakauka, unapata sabuni ya kijani. Viwandani huanza na asidi kupunguza asidi huru, ndipo alkali. Anayetaka kujifunza hatua hiyo aanze na mafuta ya kukaangia yaliyotumika, maabara, akiwa na msimamizi.

Kwa nini kampuni kubwa ziliacha?

Bei. Marekani ilianza mradi wake wa mwani mwaka 1978, ikakusanya aina zaidi ya 3,000, ikafunga 1996 baada ya kutumia takriban dola milioni 25. Mabwawa yake ya Roswell, New Mexico, yalionyesha kwamba mwani unakua vizuri nje, ila usiku wa jangwani ulikuwa baridi mno, kinyume cha tatizo letu. Mwaka 2009 Exxon ilitangaza mpango wa hadi dola milioni 600 na Synthetic Genomics, ikajitoa miaka michache iliyopita. Solazyme, baadaye TerraVia, ilifilisika 2017. Sayansi haikukataa, dizeli ya ardhini ilikuwa rahisi zaidi kila mara.

Hii si mbono kaburi nyingine?

Swali la haki, hasa kwa aliyeona ardhi za Kisarawe na Kilwa zilivyochukuliwa kwa ahadi za dizeli ya mbono. Mwani hauhitaji shamba lenye rutuba, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini mkuzaji anayekuja na namba za lita bila bwawa la majaribio lililokaa mwaka mzima, masika na kiangazi, mpe chai umsindikize.

## Visa vya pembeni

Mwani wangu unakua mchana, asubuhi umepungua. Kuna nini?

Usiku wenye joto. Gizani seli hupumua na kula akiba yake, na upumuaji hukaribia kuongezeka maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Hasara ya usiku inaweza kufika robo ya zao. Vuna jioni kabla ya jua kuzama, na chagua aina kwa kupima pia upotevu wake wa usiku kwenye nyuzi 26 au 28.

Ulikuwa mzima jana, leo bwawa ni kahawia. Ni joto?

Angalia hadubini kabla ya kulaumu jua. Rotifa wanaomeza seli utawaona wakiogelea. Kuvu wa kitridi huonekana kama vijipira vilivyonata kwenye seli. Kwa Chlorella kuna adui wa pekee, bakteria Vampirovibrio chlorellavorus, anayejibandika nje ya seli na kuifyonza. Aliangusha mabwawa ya majaribio ya Chlorella sorokiniana kule Arizona, na hushamiri zaidi maji yakiwa moto. Aina inayopenda nyuzi 38 inaishi kwenye joto analopenda adui wake pia, kwa hiyo jaribio la bwawa la wazi halikwepeki.

Naweza kuizoesha aina yangu joto taratibu?

Unaweza, kwa kupandisha nusu nyuzi kila inapokaa sawa, vizazi kwa vizazi, miezi kadhaa. Tarajia nyuzi chache. Weka nakala ya mzazi pembeni, na kila hatua pima mafuta tena, maana inayokimbia kuliko nyingine kwenye joto mara nyingi ndiyo iliyoacha kuweka akiba.

Nina kiwanda cha saruji. Moshi wangu unafaa?

Una hewa ya ukaa nyingi kuliko hewa ya kawaida, na hutoka moto, kwa hiyo aina za joto hupunguza kazi ya kuupoza. Chuja vumbi na upunguze salfa kwanza, la sivyo pH ya bwawa itaanguka. Karibu na Naivasha, shamba la maua la Oserian limewahi kutumia joto na hewa ya ukaa ya mvuke wa ardhini kwenye nyumba za maua. Wazo hilo hilo linaweza kufikiriwa kwa mwani, palipo na kisima cha mvuke tayari.

Mbegu niihifadhi vipi isipotee umeme ukikatika?

Mirija ya aga yenye mteremko, mwanga hafifu, nyuzi 18 hadi 22, uhamishe kila mwezi au miwili. Aina za joto hazipendi friji: nyuzi 4 huua baadhi yake ndani ya wiki chache. Kugandisha kwa nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndiyo njia ya kudumu ikiwa chuo kina tangi. Na mpe mwenzako wa chuo kingine nakala moja, kwa maandishi, na tarehe ya kuchotwa, joto la maji ya pale na namba ya kibali vikiwa kwenye lebo.